Lenzi moja ya safari, na kwa nini sikuchukua ile ya 400

Kilichonichosha na lenzi mbili ni tembo wa Mikumi. Ilikuwa Agosti, kiangazi chenyewe, saa moja na nusu asubuhi kwenye tambarare ya Mkata. Tulikuwa sita ndani ya gari la shemeji, madirisha wazi. Kwenye Canon 250D yangu nilikuwa nimefunga lenzi ya 18-55, ile inayokuja na kamera (namba hizo ni milimita; zikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi). 55-250 ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa chini ya miguu ya shangazi. Tembo jike akatokeza majanini na mtoto wake. Nikaomba begi, nikachomoa lenzi ya kwanza, mfuniko wa ya pili nimeubana kwa meno, na hapo hapo gari jingine likatupita na vumbi lake lote. Nilipoinua kamera nilipata matako mawili, kubwa na dogo.

Nyumbani Dar nikagundua kila picha yenye anga ina madoa matatu ya kijivu, mahali pale pale. Vumbi la Mkata lilikuwa limetua kwenye kihisi cha kamera.

Nikaanza kutafuta lenzi moja ya kufanya kazi zote. Kwa kamera yangu zilibaki mbili mezani: Canon 18-200, ya zamani kidogo, imetoka 2008, na Tamron 18-400 ya 2017. Nilidhani nitapunguza mzigo. Siku moja nikaweka zile lenzi zangu mbili juu ya mzani wa jikoni: kama gramu 590 zote kwa pamoja. Canon 18-200 ina 595, na Tamron 710. Kwa hiyo anayekwambia lenzi moja ni nyepesi, muulize amepima lini. Unachonunua ni kutofungua kamera porini, basi.

Mfanyakazi mwenzangu ana hiyo Tamron, akaniazima kwa wikiendi. Nikapanda nayo boti ya asubuhi kwenda Unguja.

Nilianza na milango ya Mji Mkongwe, kwa sababu mlango wa Kizanzibari haufichi makosa ya lenzi: fremu yake imenyooka kila upande. Kwenye 18 miimo yote ilivimba kama pipa. Nikarudi nyuma hatua nne, nikavuta hadi kama 50, sasa ikajikunja kwa ndani. Lenzi zote za aina hii zina tabia hiyo, na programu ya kompyuta hunyoosha mistari dakika moja, kwa hiyo sikuhesabu kama kosa kubwa. Kilichonikera ni kwamba nikitembea nimeining'iniza shingoni, inajirefusha yenyewe polepole kama mkonga. Ina kifungio, lakini hufunga ikiwa kwenye 18 tu.

Msitu wa Jozani ndiko nilikoelewa jambo. Kima punju wamezoea watu, na mwongozaji kazi yake kubwa ni kuturudisha nyuma tusiwasogelee. Mnyama yuko mita nne! Milimita 400 za nini? Halafu chini ya miti ile mwanga ni haba, na lenzi ikivutwa mpaka mwisho tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya f/6.3 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400 ndipo nikapata kasi ya kutosha kumgandisha kima anayeruka, na manyoya yake mekundu yakawa na chenga kama mchanga.

Usiku Forodhani ilikuwa balaa. Kitulizi cha ndani ya lenzi hutuliza mkono wangu, hakitulizi mkono wa mtu anayegeuza pizza ya Zanzibar kwenye kikaango. Vidole vyake vyote vilitoka moshi. Nikaitoa ile Tamron, nikafunga kalenzi kangu kembamba ka 24 f/2.8, gramu 125, kanaingia mfuko wa shati. Ukikalinganisha na lenzi iliyoishia f/4, kanapitisha mwanga mara mbili. Hako sikaachi nyumbani, hata lenzi kubwa iwe ya namna gani.

Niliporudi nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya mwanzo. Kila faili la picha linahifadhi ndani yake ulitumia milimita ngapi. Nikazipitia picha za safari zangu tatu. Zilizozidi milimita 200 hazikufika picha hamsini, na nusu yake ni ndege mmoja yule yule niliyemng'ang'ania Bagamoyo.

Nikaamua 18-200. Nilinunua mtumba Kariakoo. Muuzaji alianza na laki nane, tukamalizana kwenye sita na nusu. Kwa sisi wa pwani, kabla ya bei angalia kuvu. Nilifungua mifuniko ya lenzi pande zote mbili, nikamulika kwa tochi ya simu, nikainamisha macho pembeni: ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, ondoka, hata akikupa kwa nusu bei. Ile ya kwanza aliyonionyesha ilikuwa nazo. Ya pili ilikuwa safi. Nikapiga ukuta wa matofali ng'ambo ya barabara, nikakuza pembe zote nne kwenye skrini. Pembe moja ikiwa na ukungu zaidi ya nyingine, vioo vimekaa upande.

Inalia kidogo ikitafuta fokasi, na kwenye video mlio huo unasikika. Tulirudi Mikumi nikiwa nayo, tukamkuta simba chini ya mti, mbali. Mwenye 400 angefaidi. Mimi nilikata picha katikati, pikseli milioni 24 zikabaki 6, na imetosha kuchapishwa upana wa sentimita 25. Iko sebuleni kwa shangazi.

Ile 55-250 nimempa mdogo wangu, anaishi Lushoto. Juzi kanitumia picha ya hondohondo kwenye mti wa jirani, kaipiga akiwa barazani, unahesabu unyoya kwa unyoya. Sina picha kali namna hiyo kutoka kwenye 18-200 yangu. Nimemjibu kwamba imetoka vizuri tu.