Kopo la amino na sufuria ya maharage

Mwezi Juni uliopita, wakati baridi ya Mbeya ilipokuwa kali kiasi cha kuvifanya vyuma vigande mikononi, nilinunua kopo la asidi amino, yaani vijenzi vya protini, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nililipa shilingi 90,000 katika duka moja la hapa mjini, baada ya kusikia kwa muda mrefu kwenye jimu ninakofanyia mazoezi kwamba mtu asiyekunywa amino anajichosha bure. Huu ni mwaka wangu wa sita wa kufanya mazoezi mara nne kwa wiki: siku mbili ninakimbia alfajiri kwenye mwinuko wa kuelekea mlima Loleza, na siku mbili ninanyanyua vyuma. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimedhoofika. Niliogopa tu kwamba kuna kitu wenzangu wanakipata na mimi ninakikosa.

Nilipofika nyumbani niliweka kopo mezani, nikachukua kalamu na kupiga hesabu ambayo ilipaswa kutangulia malipo. Kopo lilikuwa na vijiko 30, na kila kijiko kilibeba gramu 5 za asidi amino tatu, yaani leusini, isoleusini na valini, kwa uwiano wa 2:1:1. Kila kijiko, basi, kilikuwa kimenigharimu shilingi 3,000. Kwa bei ya wiki ile pale soko la Mwanjelwa, fedha hiyo ilitosha kununua kilo nzima ya maharage ya njano, na kilo moja ya maharage makavu ina zaidi ya gramu 200 za protini, ambazo ndani yake zimo asidi amino hizo tatu pamoja na nyingine zote ambazo kopo langu halikuwa nazo.

Hapo kwenye "nyingine zote" ndipo penye kiini cha jambo hili, na ningependa kupaeleza polepole. Protini za mwili wa binadamu zinajengwa kwa asidi amino 20, na tisa kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe kwa kiwango kinachotosha, hivyo ni lazima zitoke kwenye chakula. Zile tatu za kwenye kopo zimo miongoni mwa hizo tisa. Wauzaji wanazisifia kwa sababu ya kweli: leusini ndiyo inayouamsha msuli uanze kujenga protini mpya baada ya mazoezi. Waswahili husema la mgambo likilia kuna jambo, na leusini ndiyo la mgambo lenyewe. Lakini watu wakiitika na kutoka majumbani, kisha wakakuta hakuna udongo, hakuna mbao wala misumari, hakuna nyumba itakayojengwa siku hiyo. Asidi amino sita zilizobaki zisipotoka kwenye chakula, mwili huzichukua mahali pekee zilipo, yaani kwenye protini za misuli iliyokwisha kujengwa, na huko ni sawa na kubomoa jiko ili upate matofali ya sebule.

Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio ambamo vijana waliozoea kunyanyua vyuma walipewa gramu 5.6 za asidi amino hizo tatu mara baada ya mazoezi. Ujenzi wa protini katika misuli yao ulipanda kwa asilimia 22 kuliko walipokunywa kinywaji kisicho nazo. Takwimu hiyo ni ya kweli na wauzaji wanaitangaza sana. Kisichotangazwa ni kwamba ongezeko hilo lilikuwa kama nusu tu ya lile lililokwisha kuonekana katika majaribio mengine ambayo watu walikunywa protini kamili ya maziwa yenye kiasi kinachokaribiana cha asidi amino hizo hizo. Mwaka huohuo Robert Wolfe, mtafiti wa Marekani aliyetumia miaka mingi akichunguza jambo hili, alipitia ushahidi uliokuwepo na kuhitimisha kwamba dai la asidi amino tatu peke yake kujenga misuli ya binadamu halina msingi.

Kuhusu maumivu ya misuli ya siku ya pili, baadhi ya majaribio yameonyesha nafuu kidogo, na sina sababu ya kulikana hilo. Mimi sikuhisi tofauti, ingawa mwili wa mtu mmoja si ushahidi.

Kinachoniumiza zaidi ni vijana. Kwenye jimu yetu kuna kijana anayefanya kazi gereji maeneo ya Sido, mwenye bidii ambayo wengi wetu hatuna, na jioni moja alinifuata nilipokuwa nikinyoosha viungo.

"Shikamoo, mama. Nimeona siku hizi hunywi amino."

"Marahaba, mwanangu. Lilipoisha sikununua jingine. Leo umekula nini tangu asubuhi?"

Alikuwa amekunywa chai ya rangi na chapati mbili, na mchana akala wali na mchicha. Chupa yake ya maji ilikuwa na rangi ya waridi, na ndani yake mlikuwa na fedha ambayo ingemnunulia mayai, dagaa na maziwa ya siku nzima. Niliumia moyoni, kwa sababu hakuwa mzembe. Alikuwa amefuata kwa uaminifu ushauri aliopewa na watu anaowaheshimu.

Tulikaa kwenye benchi tukafanya hesabu kwa simu yake. Kijana huyu ana kilo 60. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumuisha majaribio 49, ulionyesha kwamba faida ya protini kwa anayenyanyua vyuma hufikia ukomo wake kwenye takribani gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, yaani gramu 96 kwake. Mayai matatu yana gramu 18. Vikombe viwili vya maziwa vina kama 16. Maharage yaliyopikwa, gramu 300, yanaleta 25 hivi, na ugali wa siku nzima unaongeza kama 12. Konzi ya usipa wakavu wa Ziwa Nyasa, gramu 30 tu, inaongeza zaidi ya 15, na karanga gramu 50 zinaongeza 12. Jumla inapita 96 kidogo, na kwa kuwa protini ya maharage haimeng'enywi yote, si vibaya ikipita.

Aliniuliza kama maharage si chakula cha wasio na uwezo. Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na linanisikitisha kulisikia katika mkoa huu, ambao kituo chake cha utafiti cha Uyole kimeshughulikia mbegu bora za maharage kwa miaka mingi. Mahindi yana upungufu wa asidi amino za lisini na triptofani, wakati maharage yana lisini kwa wingi lakini yamepungukiwa na asidi amino nyingine, methionini, ambayo mahindi yanayo. Bibi zetu waliochanganya vyote viwili kwenye chungu cha kande walipata protini iliyokaribia ukamilifu. Wala si lazima viliwe kwenye sahani moja. Vikiliwa katika siku ileile vinatosha.

Yapo mambo mengine ya kuangalia kabla ya kutoa fedha. Kopo langu lilikuwa na karatasi iliyobandikwa juu ya sehemu ya maelezo, na nilipoibandua nilikuta tarehe ya kuisha muda imekwanguliwa. Hata bidhaa yenye maelezo kamili inaweza kuficha kitu: maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001, na asilimia 14.8 vilikutwa na homoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye kifungashio. Mwanariadha anayeweza kupimwa dawa zilizokatazwa baada ya mbio anapaswa kulifikiria hilo kwa uzito.

Mtu pekee ambaye kwa ajili yake bado ninayafikiria makopo hayo ni mama yangu mzazi, aliyepita miaka 70 na anayeishi Tukuyu. Misuli ya mzee huitika kwa udhaifu zaidi kuliko ya kijana, hivyo huhitaji leusini nyingi zaidi katika mlo mmoja, na mama hula vijiko vichache tu akasema ameshiba. Kwa mtu kama yeye, mchanganyiko wenye asidi amino zote tisa unaweza kuwa na maana, mradi figo zake zipimwe kwanza. Kwa sasa dada yangu anampikia uji kwa maziwa badala ya maji na kumkorogea yai ndani yake, naye anatembea hadi kwa jirani na kurudi kila jioni. Tarehe yake ya kliniki ni mwezi ujao, na swali la kopo nitampelekea daktari siku hiyo.