Karama hayumo

Shuleni nilisoma riwaya ya Kusadikika kwa ajili ya mtihani tu. Nilikariri dhamira, nikajibu maswali, nikaisahau. Miaka kumi na mitano baadaye niliiokota kwa muuza vitabu vya mtumba pale Ngamiani, Tanga, nikaimaliza kwa usiku mmoja, umeme umekatika, taa ya simu imeegemea mto.

Kwa asiyeikumbuka: Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande sita: mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja aliishia gerezani. Shaaban Robert aliitoa mwaka 1951, mkoloni bado yupo. Sisi wa Tanga hatuchoki kukumbusha watu kwamba alizaliwa kwetu, Vibambani.

Mimi ni mchoraji, nikaazimia kuitia riwaya hii kwenye picha. Nikaanza vibaya. Nilimchora Karama kizimbani, na mbele yake Majivuno na tumbo lake. Mdogo wangu akaitazama, akasema, "Dada, hili si jalada la kitabu cha shule?" Nilinuna siku mbili. Kisha nikaipaka nyeupe yote.

Kilichonifungua macho ni kazi za Frank Stella, Mmarekani ambaye kuanzia miaka ya 1980 alitengeneza mfululizo mrefu wa kazi zenye majina ya sura za Moby-Dick ya Herman Melville. Riwaya ile ina sura 135. Ukizitazama kazi zenyewe humwoni nahodha wala mguu wake wa mfupa. Unaona mikunjo na mawimbi yanayotaka kukuangukia. Nikaelewa kwamba nisichukue watu wa hadithi, nichukue mwendo wake. Na mwendo wa Kusadikika ni mmoja, unarudiwa mara sita: kutoka, kuona, kurudi, kufungwa. Basi nikaamua kuchora picha sita za dhahania, moja kwa kila upande, na katika kila moja, kona ya chini kushoto, mraba mweusi wa sentimita 12 kwa 12. Mengine yote yabadilike. Mraba ubaki vilevile.

Turubai za dukani bei yake ilinishinda. Nikanunua merikani, na fremu akanipigia seremala kwa mbao za paini. Ile ya kwanza niliwamba kitambaa kikavu, nikapaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Merikani ikanywea, fremu ikajipinda kama ubua. Kumbe kitambaa kinaloweshwa kwanza, kinaanikwa, ndipo kinawambwa. Baada ya hapo gundi nyepesi, msasa laini, halafu rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili. Na ukitaka kupaka rangi ya maji, usitangulize ya mafuta chini yake. Mimi nilipaka ya mafuta kwanza kwenye picha ya kusini, na baada ya mwezi rangi ya juu ilikuwa inabanduka kama ngozi ya aliyeungua jua.

Rangi zenyewe nilitafuta jikoni na barabarani. Kwa mbinguni nilitumia buluu ya kufulia kanzu. Kwa ardhini, udongo mwekundu wa Lushoto, niliuchekecha mara tatu, nikaukanda na gundi. Kwa mashariki nikajitia ujanja wa kutumia manjano ya pilau. Ilipendeza wiki mbili. Picha ilikuwa karibu na dirisha, jua likainywa yote, nikabaki na kitu cha rangi ya chai iliyozidi maziwa. Hapo nikalipa akriliki ya njano bila kununa.

Ukumbi nilipata mdogo, njia ya Raskazone, kwa siku tisa. Sikutaka picha zipangwe ukutani mstari mmoja kama nguo kwenye kamba. Hadithi ina pande sita, na chumba pia kina pande sita ukihesabu dari na sakafu. Kaskazini nilionyeshwa na msikiti wa jirani, maana kwetu kibla ni kaskazini. Ya mbinguni nikaining'iniza darini kwa mshipi niliopewa na wavuvi wa Deep Sea, ikawa inacheza kidogo kila feni inapozunguka. Ya ardhini nikailaza sakafuni bila uzio wowote.

Hiyo ya sakafuni ndiyo iliyonishangaza. Siku ya kwanza mama mmoja akaisogelea, akavua kandambili, akasimama pembeni. Aliyefuata naye akavua. Hadi jioni mlangoni palikuwa na viatu kama kuna hitima. Sikuweka kibao cha kukataza wala kuruhusu.

Swali la siku zote tisa lilikuwa, "Karama yuko wapi?" Mwanzoni nilieleza kwa urefu. Baadaye nikawa najibu, "Hayumo," naendelea kunywa kahawa yangu. Ila binti mmoja wa sekondari alizunguka chumba chote bila kusema neno, kisha akauliza kama vile vyeusi ndiyo jela. Nilitaka kumkumbatia.

Siku ya saba alikuja mwalimu mstaafu wa Kiswahili, fimbo mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti changu. Alitazama kwa zaidi ya nusu saa.

"Mwanangu, kitabu ulikimaliza?"

"Nilikimaliza, mwalimu."

"Mwisho mfalme anafanyaje?"

"Anawafungua."

"Mbona kwako wamefungwa wote sita?"

Sikuwa na la kusema. Miezi minane nimechora gereza, na nimesahau kufungua mlango.

Asubuhi yake nilifika kabla ya mlinzi kufagia, nikapiga magoti kwenye ile ya ardhini, nikakata mraba mweusi kwa wembe. Saruji ya ukumbi ikaonekana, na ufa wake na vumbi lake. Picha hiyo ilikuwa ndiyo pekee iliyopata mnunuzi, na alishatanguliza nusu ya pesa. Alipoiona akasema imeharibika. Nikamrudishia pesa yake siku hiyohiyo.