Vigae vya Ningbo na kuta za Ujiji

Sisi wa Kigoma tukisikia habari za ujenzi wa Wachina, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye barabara, madaraja na reli, na si ajabu, kwa kuwa mkataba wa kipande cha reli ya kisasa, SGR, kutoka Tabora hadi hapa kwetu, chenye urefu wa kilomita 506, ulisainiwa na kampuni za China mwezi Desemba 2022. Upo hata hivyo upande mwingine wa ujenzi wa nchi ile ambao husemwa kidogo, nao nadhani unatuhusu zaidi sisi tunaoishi kati ya majengo ya Kijerumani na nyumba kongwe za Ujiji. Baada ya miji yao kubomoa mengi mno, baadhi ya wasanifu majengo wa China wamejifunza kuyarudisha kazini yale yaliyobaki.

Anayejulikana zaidi kati yao ni Wang Shu wa Hangzhou, ambaye yeye na mkewe, Lu Wenyu, walifungua ofisi yao mwaka 1997. Sehemu kubwa ya miaka ya 1990 alikuwa akishinda kwenye maeneo ya ujenzi pamoja na mafundi, akijifunza mikononi mwao mambo ambayo chuo hakifundishi. Jengo lililomtangaza ni Makumbusho ya Historia ya Ningbo, yaliyokamilika mwaka 2008 katika eneo ambalo vijiji takribani 30 vilikuwa vimevunjwa kupisha mji mpya. Kifusi cha vijiji hivyo hakikuzolewa chote kwenda kufukia mashimo. Vigae vya paa, mawe na matofali ya zama mbalimbali vilipandishwa tena ukutani, hadi kimo cha mita 24, kwa mbinu ya wenyeji iitwayo wapan, ambayo wanavijiji wa pwani ile waliitumia tufani ilipoangusha nyumba zao: waliokota kilichovunjika na kukipanga upya haraka, bila kungoja vifaa vipya.

Ukiziangalia picha za ukuta huo kwa karibu unaona tabaka za vigae vyembamba vya kijivu vilivyolazwa kwa ubavu, katikati yake mstari wa matofali mekundu, juu yake tena vipande visivyolingana kwa unene wala kwa rangi. Hakuna mchoro unaoweza kumwelekeza fundi kila kigae kikae wapi. Msanifu huweka mpaka na kanuni, kisha fundi huamua kwa jicho lake, na ndiyo maana jengo lile lisingewezekana mahali ambapo mafundi wa namna hiyo wamekwisha. Kuta nyingine ni za zege lililomiminwa dhidi ya mianzi, likabaki na alama za pingili zake. Katika kampasi ya Xiangshan ya chuo cha sanaa cha Hangzhou, Wang Shu alitumia zaidi ya vigae milioni 2 vilivyookolewa kwenye nyumba zilizobomolewa. Namba hiyo peke yake inaeleza ukubwa wa ubomoaji wenyewe.

Mwaka 2012 alipewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya kimataifa ya wasanifu majengo, raia wa kwanza wa China kuipata, na sherehe ikafanyika Beijing mwezi Mei. Januari ya mwaka huohuo, katika jiji hilohilo, ilivunjwa nyumba waliyoishi Liang Sicheng na mkewe Lin Huiyin miaka ya 1930, wanahistoria wa usanifu ambao mwaka 1937 walilifikia hekalu la Foguang na kuthibitisha kwamba ukumbi wake wa mbao ulijengwa mwaka 857. Liang ndiye aliyepigania, bila mafanikio, kuta za kale za Beijing zisibomolewe. Basi asitokee mtu akatuambia kwamba China ni mfano wa kuigwa kila kitu. Mtaa wa Qianmen ulifunguliwa upya mwaka 2008 ukiwa na sura ya kale iliyojengwa upya kwa ajili ya maduka, na kwa maoni yangu huko si kukarabati. Ni kuupamba mtaa kwa mavazi ya marehemu.

Mfano unaonivutia kuliko wote ni mdogo sana. Katika uchochoro wa Cha'er, Beijing, kulikuwa na nyumba ya uani iliyogawanywa kwa familia kama kumi na mbili, na kila familia ilikuwa imeongeza jiko lake dogo uani kwa matofali ya kuokoteza. Desturi ya wakarabati ni kufagia nyongeza za aina hiyo ili uwanja urudi katika sura yake ya mwanzo. Msanifu Zhang Ke hakufanya hivyo. Aliviona vibanda vile kuwa ni sehemu ya historia ya nyumba sawa na paa lake, akavirekebisha, na chini ya paa la zamani akaweka maktaba ya watoto yenye ukubwa wa mita 9 za mraba. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2016. Mtu yeyote aliyekulia Ujiji anaujua uwanja wa namna hiyo, wenye jiko la nyongeza, banda la kuku na chumba alichojengewa kijana alipobalehe.

Yuko pia Liu Jiakun wa Chengdu, aliyepata Pritzker mwaka 2025. Baada ya tetemeko la Wenchuan la Mei 2008 alichukua kifusi cha majengo yaliyoanguka, akakichanganya na mabua ya ngano na saruji, akafyatua matofali katika viwanda vidogo vya hukohuko. Na kule Jingdezhen, mji wa kauri, matofali ya tanuri huchoka baada ya miaka michache ya moto, hubomolewa, kisha wenyeji huyajengea nyumba na kuyatandaza vichochoroni. Msanifu Zhu Pei aliyachanganya na mapya katika matao ya Makumbusho ya Tanuri la Kifalme, yaliyokamilika mwaka 2020. Sisi tunaochoma matofali kila kiangazi tunaelewa thamani ya tofali lililokwisha kuiva.

Sasa tuje nyumbani. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baadaye hulindwa likitangazwa rasmi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo stesheni yetu na majengo mengi ya Kijerumani yako upande usio na kinga ya moja kwa moja, na nyumba nyingi za Ujiji zinategemea huruma ya mwenye nyumba na mfuko wake. Hapo ndipo madhara hutokea, mara nyingi kwa nia njema kabisa. Ipo nyumba moja Ujiji, ya matofali ya udongo, ambayo ilipigwa lipu ya saruji ili ipendeze. Masika yalipokuja, unyevu uliokuwa ukipanda kutoka ardhini na kukaukia nje kupitia udongo ulikosa njia. Lipu ikavimba karibu na msingi, ikaanza kulia kama kitu kitupu ndani ukiigonga kwa kidole, kisha ikadondoka vipande vipana vikiwa vimeng'oa na uso wa tofali. Udongo hutanuka na kusinyaa, saruji haiusubiri. Lipu ya chokaa ingepumua pamoja na ukuta, na ni nafuu kuirudia.

Mfano wetu bora wa uhifadhi, kwa hakika, si jengo bali ni Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927, na baadaye injini zake za mvuke zikabadilishwa kuwa za dizeli. Hakuna aliyesema imepoteza uhalisi wake kwa kubadilishiwa injini. Imedumu kwa sababu ilikuwa na abiria na mizigo ya kubeba, na kwa sababu walikuwepo mafundi wa kuitengeneza.

Kwa hiyo swali la stesheni ya zamani lisingojee SGR ifike ndipo liulizwe. Ningependa ipewe kazi ya kila siku, iwe maktaba, ofisi au soko la samani za mninga, badala ya kufungwa kufuli na kupakwa rangi kila anapokuja mgeni. Kabla ya hapo ningeanza na jambo dogo zaidi: manispaa iwatafute mafundi wazee wanaojua bado kuilowesha chokaa na kuiacha ipoe siku nyingi kabla ya kuitia mchanga, iwape chumba kimoja cha jengo kongwe na vijana wachache wa chuo cha ufundi, na iwalipe kwa siku, si kwa mita, ili wasiharakishe.