Marika Matatu Ndani ya Ukumbi Mmoja

Kila ninapoingia katika ukumbi wa Nairobi kutazama filamu ya hali halisi inayohusu siasa za nchi yetu, jambo la kwanza ninaloliangalia kabla taa hazijazimwa ni umri wa watu waliokwisha kukaa. Mazoea hayo yamenifunza kwamba filamu moja huwa na uzito tofauti kulingana na nani amekaa karibu na nani. Vijana wakiwa peke yao hushangilia, huzomea, na hutoka wakiwa na hasira isiyo na pa kwenda. Wazee wakiwa peke yao hutazama kimya, wakiguna mahali ambapo kijana asingeona kitu cha kumfanya mtu agune, kisha huagana na kurudi makwao. Marika yakichanganyika, mazungumzo yanayofuata huweza kuchukua muda mrefu kuliko filamu yenyewe, na nimefikia kuamini kwamba mazungumzo hayo ndiyo kazi hasa ya filamu za namna hii.

Vijana kuwa wengi si jambo la kushangaza. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na takriban robo tatu yao walikuwa na umri wa chini ya miaka 35. Mtu mwenye miaka 25 leo alikuwa mtoto mdogo asiyejua kusoma Rais Daniel arap Moi alipoondoka madarakani mwezi Desemba 2002. Kwake, maandamano ya Saba Saba ya mwaka 1990, ya kudai vyama vingi, ni jambo alilosimuliwa, tena kwa uchache, ilhali mtu wa miaka 60 anayeketi nyuma yake pengine alikuwa katika uwanja wa Kamukunji siku hiyo na bado anakumbuka njia aliyopitia akikimbia. Mmoja anajifunza na mwingine anakumbuka, na anayekumbuka ana haki ya kusema kwamba mtengenezaji wa filamu ameacha kitu nje.

Nililiona hilo waziwazi nilipotazama «Our Land, Our Freedom», filamu ya mwaka 2023 iliyoongozwa na Zippy Kimundu na Meena Nanji. Inamfuata Wanjugu Kimathi, binti ya Dedan Kimathi na Mukami Kimathi, anapotafuta mabaki ya baba yake, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni, aliyenyongwa na serikali ya kikoloni katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa mahali ambapo familia yake haikuonyeshwa. Katika safari hiyo anakutana na watu waliopigania ardhi na ambao hadi leo hawana ardhi. Onyesho nililohudhuria lilikuwa la mchana, na labda kwa sababu hiyo viti vya mbele vilikuwa vimejaa akina mama na wazee wa kiume waliovaa kofia, na vijana walikuwa wamejipanga nyuma yao na pembeni.

Karibu nami alikaa nyanya mmoja mwenye fimbo, na mbele yake kijana aliyevaa fulana nyeusi yenye ngumi iliyokunjwa. Zilipotajwa zile kambi ambazo serikali ya kikoloni iliziita vijiji, ambako kuanzia mwaka 1954 zaidi ya Wakikuyu milioni moja walihamishiwa kwa nguvu, nyanya yule aliinua mikono yake miwili na kuishusha polepole, kama mtu anayelima. Hakuwa akizungumza na yeyote. Kijana aligeuka, akamnong'oneza, «Nyanya, samahani, hapo mlikuwa mnalima nini?» Akajibiwa, «Hatukuwa tukilima, mjukuu wangu. Tulikuwa tukichimba mtaro.» Kisha akamweleza, kwa sauti ambayo sisi sote wa safu ile tuliisikia, kuhusu mitaro iliyochimbwa na wanawake ili kuwatenganisha wapiganaji wa msituni na watu wao, yenye miti iliyochongoka chini, na kuhusu ile saa moja tu waliyoruhusiwa kutoka kwenda kutafuta chakula shambani. Tangu hapo kijana yule aliketi upande upande hadi mwisho, jicho moja likiwa kwenye skrini na jingine kwa nyanya, na kila picha mpya ilipotokea alimtazama kwanza yeye kuona kama kuna la kuongeza.

Baada ya filamu, binti mmoja aliomba kipaza sauti na kuuliza swali ambalo huulizwa karibu kila mara vijana wanapokutana na wazee wa vita vya ukombozi: ilikuwaje mkapata uhuru kisha mkanyamaza? Alikuwa na adabu, lakini swali lilikuwa kali na ukumbi ulilisikia hivyo. Mzee mmoja alisimama kwa shida na kusema kwamba walionyamaza walinyamazishwa. Alikumbusha kwamba Mau Mau ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, na kwamba marufuku hiyo ilibaki katika sheria za Kenya huru hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. «Mwanangu,» alimwambia, «ungetaka nikusimulie nini, ilhali kusimulia kwenyewe kulikuwa kosa?» Binti alibaki amesimama na kipaza sauti mkononi. Sidhani kuna kitabu cha shule ambacho kingeweza kumfikishia jambo lile kwa namna ile, na nina hakika kwamba kama wazee wasingekuwepo, swali lake lingejibiwa na mtu wa rika lake kwa neno jepesi kuhusu usaliti.

Rika ninalolitafuta kila mara bila kulipata ni lile la katikati, watu wa kati ya miaka 45 na 65 hivi. Hawa ndio waliosoma wakati wa Moi, waliokunywa maziwa ya Nyayo yaliyogawiwa bure shuleni, walioona chuo kikuu kikifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, na waliosikia minong'ono ya watu waliokamatwa kwa kudaiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali, na kupelekwa kuteswa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo. Ni wao waliokuwa vijana kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa mwezi Desemba 1991 na mfumo wa vyama vingi ukarudi, na akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipokaa katika bustani ya Uhuru mwaka 1992 wakidai wana wao. Hakuna rika lenye ushuhuda mwingi ulio hai kuliko lao. Hata hivyo, wanakuja wachache mno.

Sababu moja ni ya kawaida: ndio wanaolipa karo na mikopo, na jioni ya siku ya kazi wanataka kufika nyumbani. Lakini ninaamini kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba ukuta una masikio hawezi kukaa bila wasiwasi katika ukumbi uliojaa watu asiowajua, akaangalia picha za viongozi wakishutumiwa, kisha akasimama na kutaja jina lake. Nilimwalika mjomba wangu kwenye onyesho moja, naye akaniuliza mambo mawili tu: nani ameliandaa, na kama watu watapigwa picha. Hakuja. Sikumlaumu, maana maswali yake yalinieleza zaidi kuhusu enzi aliyokulia kuliko alivyowahi kunieleza kwa hiari.

Rika hilo la wazazi nililiona kwa wingi kidogo kwenye «Softie», filamu ya Sam Soko ya mwaka 2020 kuhusu mwanaharakati na mpigapicha Boniface Mwangi, aliyegombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Katikati ya filamu hiyo kuna mvutano wa mume na mke. Mume anaitanguliza nchi, na mkewe, Njeri, anauliza familia imewekwa wapi, hasa baada ya vitisho kumlazimu yeye na watoto kwenda Marekani. Vijana waliokuwa nami walimshangilia mume. Wenye watoto walikuwa upande wa mke, na mwanamke mmoja wa makamo alitamka «Mwambie!» kwa sauti kubwa kabisa. Ningetamani kila kijana anayemwita mzazi wake mwoga aitazame sehemu ile akiwa amekaa karibu na mzazi mwenyewe, kwa sababu hofu ya mzazi mara nyingi ni ya mtu aliyepiga hesabu ya nani atabaki na watoto.

Jambo hili lilinigusa zaidi mwaka 2025. Tarehe 28 Aprili, BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, ilitoa «Blood Parliament», makala ya video inayochunguza mauaji ya waandamanaji nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo vijana walipinga Mswada wa Fedha uliokusudia kuongeza kodi. Onyesho lililokuwa limepangwa kufanyika Nairobi lilifutwa, na BBC ikasema kwamba kulikuwa na shinikizo kutoka kwa mamlaka. Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne walikamatwa, ilhali BBC ilisema hawakuhusika na makala hiyo. Filamu haikuzuilika, kwani ilikuwa tayari kwenye YouTube na watu wakaitazama kwenye simu. Kilichozuilika ni kutazama pamoja. Katika kundi la WhatsApp la familia yetu, binamu yangu mdogo alituma kiungo usiku. Kufikia asubuhi karibu kila mtu alikuwa amekifungua, wajomba na shangazi wakiwemo, na hakuna aliyeandika neno. Ujumbe uliofuata ulikuwa wa mchango wa harusi. Tungekuwa katika ukumbi mmoja, mtu angelia, mwingine angeuliza jambo, na shangazi yangu anayesali kila siku kwa ajili ya wanawe angelazimika kusema alichokiona. Kwa hiyo onyesho likifutwa huwa sikubali ile faraja ya haraka kwamba «watu wataiona mtandaoni».

Mchanganyiko wa marika hutokana na mambo madogo ambayo waandaaji huyaamua, mara nyingi bila kuyafikiria. Onyesho la saa moja usiku katikati ya jiji, ambalo nafasi zake hupatikana kwa kujaza fomu mtandaoni, limekwisha kuchagua watazamaji wake. Mzee anayetoka Githurai au Kangemi atafikiria matatu ya kurudi, nauli inayopanda usiku, na giza la kituo, na ataamua kulala. Onyesho hilohilo likifanyika Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa au wa jamii usio na ngazi nyingi, litampata yeye, binti yake, na pengine mjukuu. Viti viwe na migongo. Sauti ijaribiwe mapema, kwa sababu asiyesikia vizuri haombi msamaha wala haulizi, anaondoka tu.

Lugha nayo huamua mengi. Filamu zetu nyingi zina watu wanaozungumza Kikuyu, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, na maandishi ya tafsiri chini ya picha huwekwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Nyanya anaelewa Kikuyu kinachosemwa lakini anapotea mwanahistoria anapozungumza Kiingereza. Mjukuu wake aliyezaliwa katika mtaa wa Umoja jijini anamwelewa mwanahistoria lakini anasoma maandishi ili kumwelewa mtu wa rika la nyanya yake. Maandishi ya Kiswahili, kwa herufi kubwa, yangewafaa wengi wa pande zote mbili, na msomaji wa sauti anaweza kumsaidia asiyesoma kabisa. Nimewahi kuona jambo hilo likifanywa, kijana akisimama kando ya skrini na kufasiri kwa sauti, na hakuna aliyelalamika kwamba filamu imeharibiwa.

Watoto ni suala gumu zaidi. Bodi ya Uainishaji wa Filamu hutoa viwango, na filamu yenye picha za watu wakiuawa inastahili kuwekewa kikomo cha miaka 16 au 18. Sina ugomvi na hilo, ingawa inaniuma kukumbuka kwamba miongoni mwa waliouawa katika siku zile za 2024 walikuwemo watoto. Kwa filamu zisizo na picha za kutisha, nashauri wazazi waje na watoto wao wa gredi ya saba na ya nane. Wanakaa, wanasikiliza, na huuliza maswali ambayo watu wazima huona aibu kuyauliza.

Ningependa pia jopo la wataalamu lipunguzwe. Mara nyingi watu watatu huketi jukwaani, huzungumza kwa dakika 40, na ukumbi huachiwa dakika kumi za mwisho, wakati vijana wameshaanza kutazama simu na wazee wanatafuta mlango. Aliyekuwa na miaka 15 hali ya hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952 anakaribia miaka 90 sasa. Mtu huyo akipatikana katika ukumbi, apewe kipaza sauti kwanza, na akirefusha, arefushe. Mwongozaji mmoja mzuri wa mazungumzo ninayemjua hufanya hivyo, kisha anamwomba mtu aliye chini ya miaka 25 aulize swali la kwanza, na mpangilio huo peke yake hubadilisha hewa ya chumba.

Wale wa rika la katikati hawatakuja kwa tangazo la Instagram. Wanapatikana katika vyama vya akiba na mikopo, kwenye mikutano ya wazazi shuleni, katika jumuiya ndogondogo za kanisa na katika vikundi vya msikitini, na huko ndiko waandaaji wanapaswa kwenda kuwaalika ana kwa ana. Waambiwe mapema nani ameandaa na nani amelipia ukumbi, na wahakikishiwe kwamba hakuna atakayepiga picha za watazamaji bila ruhusa.