Ufunguo mmoja kwa Hilux yangu ya zamani

Kama gari lako ni la zamani na ufunguo umeanza kugoma, usikimbilie kuchongesha nakala ya ufunguo huohuo. Mashine ya kuchongea inafuata umbo la ufunguo unaopewa. Ukiupeleka uliolika, unarudi na ufunguo unaong'aa, wenye ulaji uleule, na wakati mwingine umezidi kidogo. Nimeona madereva wengi wakirudia kuchongesha nakala ya nakala mpaka wanaishia kuwasha gari kwa bisibisi. Mimi gari langu nilitaka lirudi kuwa na ufunguo mmoja, unaofungua milango na kuwasha injini bila kubembelezwa, na limerudi.

Ni Toyota Hilux ya mwaka 1996, pikapu ya dizeli, naitumia kusambaza miche. Bustani yangu iko Bunju, Dar es Salaam, na wateja wametapakaa kuanzia Tegeta mpaka Kinondoni. Kazi ya namna hii ni ya kusimama kila mara: unazima, unafunga mlango kwa sababu fedha na risiti ziko ndani, unashusha miche, unafungua, unawasha tena. Ufunguo haupumziki. Vumbi la udongo na hewa ya chumvi ya pwani yetu vinamalizia.

Kwanza ufunguo ulitaka kuchezeshwa kidogo kabla haujazunguka. Baadaye mlango wa dereva ukawa unakubali asubuhi na kukataa mchana. Kilichonitia hofu ni siku ufunguo ulipochomoka mkononi mwangu injini ikiwa bado inanguruma. Wapo wanaoliona jambo hilo la kawaida kwa gari kuukuu. Mimi sioni hivyo. Swichi ya gari, pale unapochomeka ufunguo wa kuwashia, inabeba pia pini ya kufunga stelingi, na pini hiyo hutakiwa kushuka pale tu umezima na kuchomoa ufunguo. Swichi iliyochakaa kiasi cha kuuachia ufunguo njiani si ya kuiamini, hasa ukiwa Barabara ya Bagamoyo na mzigo nyuma.

Gereji ya kwanza walinishauri waing'oe pini ya stelingi na kuniwekea kitufe cha kubonyeza. Nilikataa. Gari ambalo kila mtu anaweza kuliwasha si gari la kuacha kando ya barabara. Ushauri wa pili ulikuwa ninunue swichi ya used, zile zinazoshushwa na spea za Japani, ambazo ukienda Ilala unazikuta zimerundikwa. Hiyo ingefanya kazi, ila inakuja na ufunguo wake. Ningekuwa na ufunguo wa swichi, ufunguo wa mlango, na mlango wenyewe bado mbovu. Kuna pia seti mpya za bei nafuu zenye swichi na vitasa vyote pamoja. Nilizishika mkononi, nikazungusha, chuma chake nikakiona laini mno kwa kazi yangu.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mchonga funguo, pale Kariakoo. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla ya kuutazama ufunguo akaniomba kadi ya gari. Nilifurahi sana kuombwa. Fundi anayemtengenezea kila mtu ufunguo bila kuuliza, atamtengenezea na mwizi wako.

Alipouona ufunguo hakuuweka kwenye mashine. Aliniuliza, "Mama, mlango wa abiria huwa unaufungua kwa ufunguo?"

Nikamjibu kwamba nikishaingia ndani nauvuta kwa mkono tu, kitasa chake sikigusi.

"Basi ufunguo wako halisi uko mle."

Hapo ndipo nilipoelewa kitasa cha gari kinavyofanya kazi. Ndani yake kuna silinda, kile kipande kinachozunguka na ufunguo, na ndani ya silinda kuna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake ndogo. Bila ufunguo, vibati vinachomoza nje ya silinda na kuizuia isizunguke. Ufunguo sahihi unavivuta vyote mpaka vinalingana sawasawa na ukingo wa silinda, nayo inakuwa huru. Meno ya ufunguo yakilika, kibati kimoja au viwili vinabaki vimechomoza kiasi cha unene wa karatasi, na hicho kinatosha kukukwamisha. Vibati navyo hulika, ila vinalika pale tu panapotumika. Kwenye gari langu swichi na mlango wa dereva vilikuwa vimesagika, lakini kitasa cha abiria kilikuwa karibu kama kilivyotoka kiwandani.

Kukitoa si kazi ngumu, ni ya subira. Nilimshikia taa huku akifungua skrubu za mahali pa kuwekea mkono. Mkono wa kuzungushia kioo alipitisha kitambaa nyuma yake na kukivuta huku na huku mpaka klipu ikaruka. Shikilia kitambaa vizuri, maana klipu hiyo ikipotea utaitafuta chini ya viti vyote. Kisha gamba la mlango, karatasi ya nailoni, na ndani kabisa kitasa kimeshikwa na klipu bapa na kijiti cha chuma kinachokwenda kwenye komeo.

Silinda alifungulia juu ya sinia lenye kitambaa cheupe. Kila kibati kilikuwa na namba ndogo iliyogongwa juu yake, kuanzia 1 hadi 4, na namba hizo ndizo kina cha jino. Alizisoma kwa mpangilio, mimi nikaandika. Kitasa cha mlango peke yake si lazima kionyeshe meno yote ya ufunguo, kwa hiyo sehemu iliyobaki aliijaza baada ya kufungua swichi, kwenye vibati ambavyo namba yake ilikuwa bado inasomeka. Akachukua ufunguo usiochongwa, akauchonga kwa namba zile na kumalizia kwa tupa ndogo. Tulipoulaza juu ya ule wa zamani tofauti ilionekana kwa macho: meno ya zamani yalikuwa yameviringika kama sabuni ya mwisho wa wiki.

Kwa swichi tulianza kwa kutoa waya wa hasi kwenye betri. Gamba la chini ya stelingi likashuka, ufunguo ukawekwa kwenye hatua ya redio, kisha waya mgumu ukapitishwa kwenye tundu dogo pembeni kubonyeza pini, na silinda ikatoka nzima. Hatua hiyo ndiyo inayowashinda mafundi wengi: wanajaribu kuitoa ufunguo ukiwa umezimwa, haitoki, wanachukua drili. Bolti zinazoshika mwili wa swichi kwenye stelingi zimekatwa vichwa makusudi kiwandani ili mwizi asizifungue, na kwa kazi hii hazihitaji kuguswa.

Vibati vilivyosagika alivibadilisha kwa vingine vya namba ileile kutoka kwenye vitasa vibovu alivyohifadhi kwenye makopo. Nilimsihi asikate wala kutupa kibati chochote. Wapo wanaofanya hivyo ili ufunguo uzunguke haraka, lakini kila kibati kinachoondoka kinaongeza funguo za watu wengine zinazoweza kuwasha gari lako. Hakunibishia, alisema hata yeye hapendi. Mlango wa dereva ulipata matengenezo hayohayo.

Jambo moja lilikuwa limejificha nyuma ya tatizo la ufunguo. Kuna asubuhi ufunguo ulikuwa unazunguka mpaka mwisho wa swichi na stata hailii, nikidhani ni vibati. Kumbe sehemu ya umeme ni kipande tofauti, kimefungwa nyuma ya silinda kwa skrubu, na ndani yake mguso ulikuwa umeungua mweusi. Hicho nilinunua kipya. Ukiwa na swichi ya zamani inayosumbua, jua kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili kinachosumbua, kwa sababu bei yake na kazi yake havifanani.

Mafuta ya kula na grisi nimeacha kabisa kuvitia kwenye vitasa. Vinalainisha kwa siku chache, kisha vinashika vumbi na kuwa uji wa kusagia shaba. Mzee alisafisha kila kitu, akakausha, akapuliza unga wa risasi nyeusi, ule wa kwenye penseli. Pia alinitolea ule mshipi wa funguo za nyumba, stoo na geti niliouning'iniza pamoja na wa gari; uzito wake ukicheza barabarani unaisaga swichi polepole.

Nilichongesha funguo mbili kwa namba, moja natumia, nyingine iko nyumbani haiguswi. Namba zenyewe nimeziandika kwenye daftari lisilokaa ndani ya gari. Kifuniko cha tenki ndicho kilichoshindikana, kutu ilikuwa imekula mpaka silinda, hivyo kina kipya na ufunguo wake mdogo.