Nilivyopata kiolezo asilia cha kitufe cha WPF na kukibadilisha

Nilikuwa natengeneza programu ya mauzo ya dukani kwa WPF (mfumo wa Microsoft wa kutengeneza programu za Windows), na mwenye duka alitaka vitufe vya kijani. Background (rangi ya nyuma) ilikubali mara moja. Lakini kishale cha kipanya kikipita juu ya kitufe, kijani kilitoweka ikaja bluu hafifu. Niliongeza triga (kanuni inayobadilisha mwonekano hali fulani ikitokea) ya IsMouseOver, yaani kipanya kikiwa juu, kwenye mtindo wangu (Style), na bluu ikabaki palepale.

Sababu imo ndani ya kiolezo (template), yaani maelezo ya jinsi kitufe kinavyochorwa, ambacho kila kitufe huja nacho. Humo mna Border (fremu inayochora rangi ya nyuma na ukingo), ndani yake ContentPresenter (inayoonyesha maandishi ya kitufe), pamoja na triga za kiolezo chenyewe. Triga yake ya IsMouseOver haipitii Background ya kitufe: inaipaka Border moja kwa moja rangi #FFBEE6FD. Kwa hiyo mtindo wangu ulikuwa unabadilisha kitufe, lakini Border ilikuwa inamsikiliza mwingine. Ukishaliona hilo, unajua kwamba kazi iko kwenye kiolezo, si kwenye mtindo.

Kukipata si kazi. Katika Visual Studio, bofya kitufe kwa upande wa kulia wa kipanya kwenye dirisha la usanifu, chagua Edit Template, halafu Edit a Copy. XAML yote ya kiolezo (XAML ni lugha ya kuandikia mwonekano wa WPF) inaingia kwenye faili lako. Pale menyu hiyo isipopatikana, mimi huenda kwenye chanzo. Microsoft iliuweka wazi msimbo wa WPF mwaka 2018, na kwenye hazina ya dotnet/wpf huko GitHub kuna folda ya Themes. Humo mna mandhari za Windows; soma ya Aero2, maana ndiyo inayotumika kuanzia Windows 8. Aero ni ya Vista na Windows 7. Ipo pia amri ya msimbo ya XamlWriter.Save, inayoandika XAML ukiipa Template ya kidhibiti (kitufe, kisanduku na kadhalika) kikishapakiwa, ila majina ya rangi hupotea na zinabaki thamani tupu. Naipenda GitHub zaidi, kwa sababu unasoma kama waandishi wenyewe walivyoandika.

Kwenye nakala yangu nilibadilisha rangi za kupitiwa na kipanya, kubonyezwa na kuzimwa, nikaipa Border CornerRadius (mviringo wa pembe). Mengine niliyaacha kama yalivyo, na nakushauri ufanye hivyo, hasa kwa majina yanayoanza na PART_, ambayo msimbo wa WPF wenyewe huyatafuta. Ukiondoa PART_ContentHost kwenye TextBox (kisanduku cha kuandikia), programu haitalalamika, lakini maandishi hayataonekana.

ComboBox (orodha inayofunguka) ndiyo ngumu. Rangi zake zimefichwa kwenye kiolezo cha ToggleButton (kitufe cha kuifungua na kuifunga) kilichomo ndani yake, kwa hiyo ni kiolezo ndani ya kiolezo, na vyote viwili lazima uvinakili.

Mtindo wa kitufe niliuweka App.xaml (faili la programu nzima) bila x:Key (jina la kuuitia), wenye TargetType ya Button tu, na vitufe vya madirisha yote vikawa kijani.