Kijiti hakirudi kwenye waksi

Jana nimemaliza wiki ya pili ya kujifunza waksi, yaani kung'oa nywele za sehemu za siri kwa nta, hapahapa Tabora, kwa dada mmoja mwenye saluni Ng'ambo. Sisi nta tunaijua ya nyuki, kumbe hata waksi ngumu nyingine huchanganywa nayo!

Nilidhani kazi ni kuvuta tu. Wee! Mkono mmoja unaikaza ngozi, mwingine unapaka kufuata nywele zinavyolala, halafu unavuta kinyume chake, sambamba na ngozi. Mimi nikavuta kwenda juu kama nabandua plasta. Mwanafunzi mwenzangu aliyejitolea nusura aruke kitandani. Dada akaweka kiganja palepale, akabonyeza, mwenzangu akashusha pumzi.

Nywele ziwe kama nusu sentimita, fupi sana hazishikiki. Joto unalijaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe. Na kijiti cha kupakia waksi kikishagusa ngozi kinaenda kwenye taka, basi. Niliwahi kufanyiwa mahali wakachovya kilekile mwanzo mpaka mwisho, nikajikuna siku nne na aibu juu.

Kesho mteja wangu wa kwanza wa kulipa. Viganja vinatoka jasho tangu leo, na glavu sijavaa.